Punda Aliyeitwa Lubna

Yasir alikwisha kwa mapenzi siku punda wake alipomzibia msichana njia gatini Lamu, watu wakisukumana na mizigo. Msichana alikuwa ametoka Chundwa, kisiwani Pate, buibui lake lina nakshi za fedha mikononi, na asumini inamnukia.

"Bwana, nipishe ndia!"

"Ndia yako, Bi. Punda ndiye aliyekataa. Amekupenda."

"Punda peke yake?"

Jina lake Lubna. Miezi ikapita kwa simu.

"Habibi, umekula?"

"Nimesikia sauti yako, nimeshiba."

Wakapatana wajomba wa Yasir waende kuposa baada ya mashindano ya punda.

Yasir alikulia mtaa wa Langoni, Lamu, kwenye baraza ambapo watu wazima hubishana juu ya punda mpaka chai ikapoa. Hapo hakuna heshima ipitayo kumpa punda wa mashindano jina la umpendaye. Basi akampa wake jina la mpenzi wake, kimyakimya, apate kumfurahisha.

Lubna akaja kutazama. Pwani nzima ilikuwa ikipiga kelele: "Mchape Lubna! Lubna mvivu huyo, mchape!" Na Yasir, juu mgongoni, akachapa kweli.

Jioni ujumbe ukaingia: "Wajomba wasije."

Barazani walishangaa. "Mke wangu angelia kwa furaha," alisema rafiki yake Uthman. Wote wakaafiki, na Yasir akaondoka na uhakika kwamba mwenye makosa ni Lubna.

Kwenye boti ya Mtangawanda, akienda Pate kwa kina Lubna, akamsimulia mama aliyekaa karibu naye, akitaraji huruma. Mama akamkodolea macho.

"Mwanangu, mchumba wako umemwita punda?"

Boti nzima ikaangua kicheko, nahodha naye. Yasir aliona uso unamwaka moto. Tangu azaliwe hakuwahi kukaa na watu wasiojali punda. Alidhani dunia yote ni baraza lao.

Lubna alimpokea mlangoni, mama yake nyuma, mikono kifuani.

"Kwetu ile ni taji," Yasir alisema.

"Kwetu ni tusi. Na hukuniuliza."

"Sikudhani yuko asiyelijua hilo. Nimekosa, Lubna. Nakupenda, na nimekosa."

"Na punda?"

"Nimembadili jina. Sasa aitwa Yasir."

Lubna alibana midomo, akashindwa, akacheka mpaka mtandio ukamteleza. Nyuma yake mama naye alikuwa akicheka.

"Waambie wajomba zako waye kuposa Ijumaa," Lubna alisema. "Na mwakani nitasimama mbele kabisa pale pwani, nikupigie kelele mimi mwenyewe: mchape Yasir!"