Tundu Lisilokubali Risasi

Asubuhi ile Latifa alitoka chumbani kwake, mtaa wa Najma, na wasiwasi wa aina mbili: kama alikuwa amezima pasi, na kama chupa ya rangi ya kucha ilikuwa imefungwa vizuri isije ikamwagika mkobani. Alirudi ghorofani kuitazama pasi, akashuka, kisha akasimama mlangoni mwa gari akagusa kifuniko cha chupa mara nyingine. Shabani, mdogo wake, alimsubiri kwenye usukani akicheka. Alimwambia kwamba hata siku ya kufufuliwa dada atachelewa, maana atarudi kuangalia kama kaburi limefungwa.

Mwaka ulikuwa 2014, kiangazi, na jua la Doha lilikuwa limeshaanza kuchoma kabla watu hawajamaliza chai ya karaki. Shabani aliendesha gari la mzee mmoja wa Al Wukair, nje kidogo ya Doha, ambaye wote walimwita Bu Jasim kwa jina la mwanawe wa kwanza. Ni Shabani aliyemtafutia dada yake kazi katika nyumba ile. Latifa alikuwa na shahada ya historia kutoka Dar es Salaam na mikono isiyoangusha kitu. Mzee alitaka mtu wa kusafisha silaha zake za kale kwa mafuta ya cherehani na kuziandikia maelezo. Zilikuwa na vibali vyote, zikakaa kwenye kabati la kioo la majlisi, ukumbi wa wageni.

Sasa mzee alitaka jambo moja zaidi. Alikuwa na bastola tatu za silinda alizorithi kwa baba yake, na moja angemwachia mjukuu wake. Ipi ni imara? Ipi ina sura? Ipi inakaa vizuri mkononi wakati wa kupiga? Hilo la mwisho halikuwa la Latifa. Liliitiwa Harun, Mkenya wa Nakuru aliyewahi kuwa fundi wa silaha polisi kwao, ambaye Doha alikuwa mlinzi wa lango la hoteli.

Zote tatu zilikuwa za mvuto mmoja. Huhitaji kuinua nyundo kwa kidole gumba. Unavuta kifyatulio tu: silinda inazunguka, nyundo inainuka, nyundo inaanguka. Harun hutia risasi bandia za shaba matunduni ili chuma kisijigonge bure, hufumba macho, huvuta polepole na kusikiliza. Rangi ya kucha alikuwa ameiomba yeye: doa moja kwenye silinda, pembeni ya tundu la juu, ili ajue ameanzia wapi.

Ya kwanza ilikuwa ya jeshi la Kiingereza, nzito kama mchi wa kinu, mtutu wake ukikunjwa chini kutoa maganda. Harun alisema hiyo itawazika wote waliomo majlisini, ila sura ni ya bomba la maji. Ya pili, ya Kimarekani, ilikuwa nyeusi ya kuelekea buluu kama bawa la kunguru. Latifa aliipenda. Harun aliivuta karibu na sikio akatikisa kichwa. Kidole cha ndani kinachosukuma silinda kilikuwa kimelika, na mvuto wake ulikwama karibu na mwisho.

Ya tatu haikuwa na jina. Mahali pa chapa palikuwa pamesuguliwa kwa tupa. Kitako chake kilikuwa cha mpingo, na chuma chake hakikuwa na mkwaruzo hata mmoja. Latifa aliutafuta kwa kioo cha kukuzia asiupate, na jambo hilo halikumpendeza. Kitu cha kale lazima kiwe na kovu.

Harun aliivuta mara sita. Akafumbua macho.

"Laini mno," alisema taratibu. "Dadangu, hii ni kama kuna mtu anakusaidia kuvuta."

Bu Jasim, aliyekuwa ameketi kwenye takia, alipeleka mkono nyuma ya shingo yake. Akaomba kiyoyozi kipunguzwe.

Kesho yake doa jekundu ambalo Latifa alilipaka kwenye ile ya tatu halikuwa juu. Lilikuwa limehamia kushoto kwa tundu moja.

Silinda ya bastola kama ile haizunguki yenyewe. Mtu avute. Ufunguo wa kabati ulikuwa shingoni mwa mzee, naye alisema hajaligusa. Latifa alijilaumu, akidhani alikumbuka vibaya. Akaipiga picha kwa simu. Siku iliyofuata, watu walipoamka kutoka usingizi wa adhuhuri, doa lilikuwa limesogea tena. Alipolitaja, Bu Jasim aligeuza uso. Mkono wake ulikuwa kisogoni.

Basi siku hiyohiyo Shabani aliingia majlisini kuuliza kama mzee atatoka. Akaiona ile ya tatu juu ya kitambaa. Akasema, kwa Kiarabu chake cha barabarani, kwamba silaha hii ni nzuri sana.

Huko Ghuba, mtu akisifu kitu chako, wewe unamwambia: ni chako, chukua. Mgeni hukataa kwa maneno matamu na kitu hubaki kwa mwenyewe. Kwetu pia ndivyo: ukisifiwa unasema karibu, na msifuji anasema starehe. Lakini mama yao, kule Tanga, aliwafundisha jambo jingine pia: mkono wa mzee haurudishwi. Bu Jasim hakusema tu. Aliinua bastola kwa mikono miwili, akamwekea Shabani kifuani, akasema ni yake. Na Shabani, kijana mwenye adabu, akainama kidogo, akapokea.

Uso wa mzee ulilegea kama wa mtu aliyetua mtungi. Latifa aliona. Hakujua alichokiona.

Wiki haikuisha Bu Jasim akasafiri kwenda matibabu. Shabani alianza kuvaa kofia yenye kifuniko cha shingo, hata ndani. Mara ya kwanza alisema ni baridi ya kiyoyozi. Mara ya pili alimnong'oneza dada yake ukweli. Kila adhuhuri, jua linapokuwa utosini na nyumba nzima imelala, mtu husimama nyuma yake. Hasemi. Huweka kitu kisogoni, kitu cha duara, cha baridi. Kisha husikika mlio mdogo, tk, na mtu yule huondoka.

"Sijawahi kugeuka, dada," alisema. "Naogopa nitamjua."

Walikwenda na boksi la bastola mpaka mchangani, mbali na nyumba za mwisho, Shabani akalizika kwa mikono yake. Waliporudi lilikuwa juu ya kitanda chake. Bawaba zake zilikuwa na mchanga.

Latifa alimpigia Bu Jasim simu mpaka akapokea. Mzee alilia. Alisema baba yake aliipokea kwa rafiki, na alimwonya isivutwe kamwe, maana ikivutwa huamka na kumtafuta mwenyewe. Yeye aliyadhani maneno ya uzee. Harun alipovuta, alihisi mdomo wa mtutu shingoni mwake. Haitupwi, alisema. Haiuzwi. Inasifiwa, inatolewa, inapokelewa, basi. Akaomba msamaha kwa jina la Mungu, akakata.

Jioni hiyo Latifa alitia risasi bandia tunduni, moja baada ya nyingine, kama alivyoona Harun akifanya. Tano ziliingia. Ya sita haikuingia.

Alilichungulia tundu lile. Lilikuwa tupu, aliona mwanga wa taa upande wa pili. Akatia risasi nyingine, ikagota mdomoni mwa tundu. Akatia kijiti cha masikio, kikagota. Kitu kilikuwa mle, na hakikuonekana.

Sasa alijua. Matundu matupu yalikuwa yakimpitia mdogo wake kisogoni, na hilo moja lilikuwa linakuja. Akahesabu kwa uangalifu wake wote. Chini ya nyundo kulikuwa na tundu tupu, na hilo baya lilifuata upande wa kulia. Tupu kesho, akasema moyoni. Baya keshokutwa. Wana kesho nzima ya kufikiri.

Asubuhi alikwenda mpaka lango la hoteli kwa Harun kutafuta shauri. Alimweleza yote, hata hesabu. Harun hakumcheka. Alimtaka arudie lile la mwisho, na aliporudia, uso wake ukaparara.

"Hapana. Sikiza," alisema. "Lililo chini ya nyundo limeshapigwa. Ukivuta, silinda inazunguka kwanza. Nyundo inapiga linalofuata."

Latifa alitazama juu. Kivuli chake kilikuwa kimekaribia kuisha miguuni.

Teksi haikupatikana upesi. Ilipopatikana, barabara ya kwenda Al Wukair ilikuwa na magari yaliyosimama. Alisoma kila dua aliyoijua, akachanganya, akaanza upya. Alimpigia Shabani simu. Haikupokelewa. Msongamano ulipofunguka, alimwomba dereva aongeze mwendo. Dereva alimwonyesha kamera ya barabarani. Alikuwa na wazo moja tu, na lilikuwa baya. Hakuwa na lingine.

Nyumba ilikuwa kimya. Watu wote walikuwa wamelala.

Chumba cha dereva kilikuwa langoni. Shabani alikuwa amekaa kitandani, mgongo kwa ukuta, homa imemshika, midomo imekauka. Boksi lilikuwa wazi mapajani mwake. Alijibana ukutani kwa nguvu zake zote, ili asiwepo wa kusimama nyuma yake.

Kisha akasogea mbele kidogo. Kama mtu aliyesukumwa. Kama anayempisha mwingine.

Kati ya mgongo wake na ukuta pakawa na upana wa mtu.

"Shabani," Latifa alinong'ona. "Nipe hiyo. Sema ni yangu."

Alitikisa kichwa. Machozi yalimtoka. Alimwelewa dada yake, na alikataa.

Nyundo ilianza kuinuka. Hakuna aliyekuwa ameishika. Silinda ikasogea, doa jekundu likatembea polepole. Laini. Kama mtu anasaidiwa kuvuta.

Latifa alipiga magoti. Alilazimisha sauti yake iwe ile ya nyumbani, ya dada anayekukuta barazani unakula.

"Mdogo wangu," alisema. "Kitu chako kizuri."

Na Shabani, kwa homa, kwa mazoea ya maisha yote, kwa malezi ya mama yao, alifungua mdomo kabla hajafikiri.

"Karibu, dada."

"Nimekaribia," Latifa akasema. Akaishika.

Nyundo ikaanguka.

Tk.

Nje, mwadhini alianza kuita. Shabani alianguka ubavu juu ya kitanda akilia kama mtoto, mzima. Latifa alibaki magotini. Kisha alitia risasi bandia matunduni. Zote sita ziliingia. Akazitoa, akazitia tena. Zote sita.

Aliifungia ndani ya boksi lake, akaliacha majlisini, akaitupa chupa ya rangi ya kucha kwenye pipa la taka Najma, akatazama mpaka gari la taka likaimeza. Mwezi haukuisha, yeye na Shabani walikuwa Tanga. Shabani alinenepa. Akaoa binti aitwaye Salma, mcheshi, mwenye mikono ya kusuka. Watu wakasema Doha imewapa heri.

Adhuhuri moja Latifa alikaa chini, kichwa kimelala magotini mwa wifi yake, akisukwa. Feni ilizunguka. Salma alikuwa akisimulia habari za harusi ya jirani. Akaikatiza. Akazisogeza nywele za kisogoni.

"Wifi, hiki kimetoka wapi?" alisema. "Kidoti chekundu, cha duara kabisa. Mbona hakijakauka?"

Alikigusa. Akanusa kidole chake, akasema kina harufu ya mafuta ya cherehani. Akacheka.

"Lakini kizuri. Kinakupendeza."

Baridi ilikuwa imeshafika shingoni mwa Latifa. Mwadhini wa msikiti wa jirani alikohoa kwenye kipaza sauti. Neno lilimjia lenyewe, lile la adabu, likapanda kooni, likafika kwenye ulimi. Salma alikuwa na mimba ya miezi michache. Alikuwa hajamwambia mtu ila yeye.

Latifa aliuma ulimi. Aliuma mpaka akaonja damu, na neno likiwa bado linasukuma meno.

Nyuma yake, Salma alisubiri jibu, kidole chake chekundu kikiwa hewani.