Patasi ya Mjomba

Kila Jumamosi ya mwisho wa mwezi, mama hufunga sabuni na dawa ya meno kwenye mfuko, nami hupiga viatu vyangu rangi, kisha tunakwenda gerezani kumwona mjomba. Mjomba alifungwa kwa kupigana.

Mwaka jana sikupenda kwenda. Alikuwa katika chumba cha wababe, na maneno yao yalikuwa yamemkaa mdomoni. Kosa lolote alimsingizia jirani yake wa chumbani. Alimfokea hata mama, dada yake wa tumbo moja! Baadaye alihamishiwa karakana ya useremala, na Jumamosi iliyopita familia ziliruhusiwa kuingia humo.

Nilipigwa na butwaa. Wanaume thelathini walikuwa wakipiga randa, na kila nilipogeuka nilisikia "tafadhali" na "ahsante, fundi". Mezani pake mjomba alinionyesha patasi ndogo yenye mpini aliouchonga mwenyewe. Alipokwenda kumletea mama kiti, niliitia mfukoni. Nilitaka kuwaringia wenzangu shuleni.

Ukutani palikuwa na ubao uliochorwa umbo la kila kifaa. Kengele ilipolia, vifaa vilirudishwa mahali pake, lakini umbo moja lilibaki tupu.

"Patasi iko wapi?" aliuliza askari anayefundisha katika karakana. "Isipoonekana, mwenye meza ilikotoka anarudi chumba chake cha zamani."

Mama alinishika bega kwa nguvu. Nilingoja mjomba amnyooshee mtu kidole.

"Meza ni yangu, afande," alisema mjomba. "Mimi ndiye wa kuulizwa."

"Nilikuwa karibu naye," alisema mzee wa meza ya pili. "Niulize na mimi."

"Na mimi, afande."

"Na mimi."

Wote thelathini! Sikuwahi kuona watu wenye heshima kama ile, nao wamevaa sare za wafungwa. Nikajikuta nimesogea mbele.

"Ninayo mimi," nilisema huku nikilia. "Nisamehe, mjomba."

Askari aliipokea, akampa mjomba aitundike mwenyewe. Kisha akachuchumaa mbele yangu.

"Umekosa, usirudie. Lakini sikiliza, binti. Kule alikotoka, mjomba wako angemtaja jirani, maana ndivyo walivyoishi. Humu kila mtu hukiri kosa lake, naye amezoea. Tabia tunaambukizana, mbaya na nzuri. Hata wewe, umekaa nao saa moja tu, na tayari umekiri lako."