Mawese Yaliyochambuliwa

Jirani wa kina Tamasha, Bi Nyanzobe, alidai kwamba Mchambuzi, ile mashine ya kuchambua mafuta, alimrudishia marehemu mumewe. Alivyosimulia, alipeleka kituoni Gungu kijiko kimoja cha mawese aliyokamua mzee enzi za uhai wake. Mashine ikayanywa, ikayatajia ukoo wao wote kama shangazi msibani, kisha ikamtolea dumu zima la mafuta yale yale.

"Yale yale, mwanangu," alimwambia Tamasha. "Yamekosa ubishi wake tu."

Tamasha hakucheka. Miaka hiyo michikichi ilikuwa imekwisha Kigoma nzima. Ugonjwa uliikausha, na mafuta yakawa yanakuzwa na vijidudu ndani ya matangi, meupe kama maji ya mchele. Baba yake, Mzee Ruhwago, hakuyasema vibaya, ila hayakumshuka. Tangu mkewe afariki alikuwa akila matonge mawili, anasogeza sahani, anasema inatosha. Sasa hata kanzu yake ilionekana imetundikwa, haijavaliwa.

"Ningepata dagaa wa mama yako," alisema mara moja, wala hakurudia.

Kabatini ilibaki chupa moja ya mawese ya mama. Ingetosha chungu kimoja, na kesho je? Ndipo Tamasha akaibeba mpaka Gungu.

Mchambuzi alikuwa mtungi wa kioo mrefu kuliko mlango, umezungukwa na mirija, na sauti yake ilikuwa ya upole. Ilimwambia tone moja linatosha. Lakini Tamasha alilelewa na mwanamke aliyeona haya kumpimia mtu mawese. Kwao ukimpa mtu unammiminia yote; ukibakiza, umemwambia humwamini. Akaiinamisha chupa, akaipigapiga kitako mpaka ikakauka. Mashine haikukataa. Haikufundishwa kukataa.

Ikawa inafanya kazi huku inaeleza. Mafuta, ilisema, ni asidi tatu tatu zilizoshikwa na gliserini. Ikatia methanoli na magadi makali, ikapasha moto; kila asidi ikaachana na gliserini, ikavaa kikofia kidogo cha methili. Hapo haiitwi mafuta tena, inaitwa esta ya methili. Gliserini ikazama chini, nzito kama uji. Esta zikabaki juu, zikaoshwa kwa maji ili gliserini iliyosalia iondoke, zikageuzwa mvuke na kutenganishwa moja moja, kwa urefu wa mnyororo wa kaboni na kwa idadi ya viungo pacha, yaani pale kaboni mbili zinaposhikana mara mbili.

"Huyu ni methili palmiteti," mashine ilisema. "Mnyororo wa kaboni kumi na sita, hana kiungo pacha. Yumo katika kundi la walioshiba. Kukiwa na baridi anaganda. Huyu ni methili oleeti. Ana kumi na nane na kiungo pacha kimoja kinachompinda, kwa hiyo hagandi upesi."

Tamasha akaziona asubuhi za Juni, mama akianika chupa juani ili nusu iliyoganda chini ilainike, akiigeuza taratibu kama anayembembeleza mtoto.

"Yalikuwa hivyo hivyo," alisema.

Akarudi nyumbani na dumu la mafuta ya matangi, yaliyopangwa upya kwa uwiano ule ule wa asidi. Akakaanga dagaa, vitunguu, nyanya, akaweka na ugali wa muhogo. Mzee Ruhwago alinawa haraka, jambo ambalo hakuwa amelifanya kwa muda mrefu. Akamega tonge, akachovya, akatafuna kama anayesikiliza. Kisha akanawa tena.

"Umejitahidi, mama," alimwambia bintiye, akageukia ukutani.

Tamasha alikwenda kwa Bi Nyanzobe kumwuliza yeye aliyapikaje ya kwake. Bibi akazungusha maneno, mwishowe akakiri kwamba lile dumu hajalifungua. Analitazama tu.

Kesho yake Tamasha alisimama tena mbele ya mtungi. Mashine ikapitia kazi yake, ikamhakikishia kwamba kila esta iko kwa kipimo chake, hakuna iliyozidi wala iliyopungua.

"Na ile harufu?" aliuliza. "Na ule wekundu?"

"Kulikuwa na rangi, moshi wa kuni, na makapi ya chikichi yaliyoungua chunguni," mashine ilijibu. "Hivyo si esta. Viliingia kwenye kundi la uchafu, vikaondolewa, vikamwagwa."

Nyuma yake watu walikuwa wameshika vichupa vyao, wanasogea. Tamasha aliweka kiganja juu ya kioo, kilikuwa vuguvugu.

"Basi nirudishie huo uchafu," alisema. "Baba hajala."

Taa za mtungi ziliwaka, zikazimika, zikawaka. Mwanamke aliyefuata kwenye foleni akafungua kifuniko cha chupa yake.