Waya Mbili za Plagi

Siku ya soko pale Embu, mwaka 1954, mji ukiwa na askari wengi kuliko wateja, Kasim fundi wa magari alirudi nyuma bila kuangalia akamkanyaga msichana mguu. Aligeuka aombe radhi. Alikuwa Hidaya, binti wa Sulemani mchinjaji, amejifunga leso ya manjano, ananukia udi. Akaitazama ovaroli iliyolowa grisi, akamwambia kwamba fundi mzima hurudi nyuma bila kupiga honi. Tangu siku hiyo hakukosa sababu ya kupita gereji, na Kasim hakukosa sababu ya kuchelewa kufunga.

Lakini amri ya kutotoka nje iliua biashara ya nyama, Sulemani akaamua kuhamia Meru. Lori lake lilipangwa kuondoka Alhamisi asubuhi katika msafara uliosindikizwa na askari. Mtu hajiposei mwenyewe, kwa hiyo Kasim alikuwa amemwita mjomba wake kutoka Karurumo, na mjomba alikuwa bado anangoja kibali cha kusafiri. Kasim alitaka siku moja tu. Alfajiri akafungua boneti ya lori, akazibadilisha nafasi waya mbili za plagi.

Lori likakohoa, likagoma. Sulemani akamwita fundi, na fundi ni huyo huyo Kasim. Mbele ya watu akajitia kutafuta: petroli inafika, betri ina nguvu, plagi zinatoa moto. Kila kitu kilikuwepo na kilikuwa kizima, ila moto wa silinda moja ulikwenda kwenye nyingine, na aliyejua hilo ni yeye peke yake. Msafara ukaondoka. Askari wakasema dereva wa lori hilo, Rwamba, Mwembu mwenye mke na watoto, ameliharibu kusudi ili msafara uchelewe, uviziwe na wapiganaji wa msituni. Wakamkokota huku akiapa. Kasim alisimama na spana mkononi, akanyamaza.

Alasiri Hidaya alimkuta gereji, hajatia kitu mdomoni.

"Kasim, mpenzi wangu, mbona hunitazami?"

Akamwambia yote. Hidaya aliketi juu ya gurudumu kuukuu bila kujali leso yake.

"Nilitaka siku moja tu," Kasim akasema. "Mjomba afike."

"Na siku hiyo Rwamba anailipa kwa mgongo wake. Rudisha hizo waya, halafu nenda kituoni ukaseme."

"Watanifunga, Hidaya."

"Wakufunge."

Alizirudisha waya, lori likawaka mara moja. Kituoni askari walimcheka, wakampiga makofi, kisha wakamtia ndani na kumtoa Rwamba, jicho moja limevimba hadi likafumba. Hidaya alikuwa nje ya ua wa seng'enge walimofungiwa mahabusu.

"Mjomba wako amefika na posa," akamwambia Kasim. "Nimemwambia baba kwamba jibu langu analo Rwamba. Akikusamehe, nitakungoja hata miaka. Asipokusamehe, nitaendelea kukupenda, lakini sitakuwa mkeo."

Kasim alishika seng'enge. Akamgeukia dereva aliyekuwa akitoka langoni.

"Kaka, nimekukosea."

Rwamba alipangusa damu mdomoni kwa mkono wa shati.

"Mimi nataka kuona watoto yangu kwanza," akasema, akashika njia ya nyumbani, na Hidaya akamshika mkono kumwongoza.