Sentimita Tisa Zilizofutwa

Duka la vifungo na nyuzi lilikuwa limejaa hadi mlangoni Jumamosi ile, na kila mteja alikuwa na haraka kuliko mwenzake. Fundi alikuwa amebanwa kwenye kaunta, gauni lake la samawati likiwa na mifuko miwili mipana aliyoishona mwenyewe kwa ajili ya chaki na pini. Kando yake alisimama kijana mrefu aliyevaa shati jeupe lililopigwa pasi mbele tu, mgongo ukaachwa na makunyanzi yake. Kijana aliomba futi ya kupimia, na mwuzaji akamsukumia ya bei rahisi.

"Usichukue hiyo," Fundi akasema, wala hakuulizwa. "Ni laini. Ukiivutavuta wiki mbili inarefuka, na ikirefuka inakudanganya."

"Umejuaje?"

"Iliniharibia suruali ya bwana harusi. Chukua ile ngumu ya njano. Kwani unapima nini?"

"Wanawake," kijana akajibu.

Wateja wawili wakageuza shingo. Kijana akaona haya mpaka masikioni, akaanza kujieleza mbio mbio. Alikuwa tabibu wa viungo, anasomea shahada ya pili, na utafiti wake ulitaka wanawake arobaini wasio wagonjwa, ila wamekakamaa tu kama watu wengine wanaokaa kutwa nzima. Wote wangefanya pilates, yale mazoezi ya polepole ya kwenye mkeka yanayokwenda na pumzi, kwa wiki nane. Nusu yao, kabla ya mazoezi, wangebingirisha misuli juu ya gogo la sponji ili kulegeza utando unaoifunika. Mwisho ingeonekana nani anajikunja zaidi.

"Mimi nafaa?" Fundi akauliza.

"Unaweza kuinama?"

"Nainama kwenye cherehani tangu asubuhi. Kuinuka ndiyo kazi."

Kijana akacheka, na kicheko chake kilimwingia Fundi mahali ambapo hakuwa amepafunga.

Siku ya kipimo cha kwanza Fundi alisimama kwenye chumba kilichonuka mikeka mipya, magoti yamenyooka, akashusha mikono. Vidole vyake viligoma sentimita kumi na moja juu ya sakafu. Kijana alipiga magoti na futi yake ya njano, akasoma, akaandika. Kisha akamwambia sharti moja, na safari hii hakutabasamu.

"Kura yako utaichukua kwa mkufunzi wa mazoezi. Mimi usiniambie uko kundi gani. Mpimaji akijua, jicho lake linapendelea hata asipotaka."

"Hata kwa bahati mbaya?"

"Hata kwa bahati mbaya."

Kura ya Fundi iliangukia kwenye gogo la sponji. Loo, gogo lile. Mara ya kwanza alipolilalia kwa paja alidhani limetengenezwa na mtu mwenye kisasi na wanawake. Lakini wiki ya tatu alishuka ngazi za karakana bila kushika ukuta, na shangazi yake, mwenye karakana, akamtazama kwa mashaka.

Kijana naye alikuwa ameanza kupiga simu. Kwanza aliuliza bei ya kupunguza suruali. Kesho yake akauliza kama suruali hiyo ingependeza kuwa nyeusi. Siku ya tatu suruali ilisahaulika.

"Bwana Sentimita, leo umepima wangapi?"

"Sita. Hakuna aliyenigombeza kama wewe."

"Nikugombeze sasa?"

"Nigombeze, mpenzi. Nilikuwa nasubiri."

Neno hilo, mpenzi, lilitoka siku hiyo na halikurudi lilikotoka. Kila jioni wakati Shangazi anafunga madirisha, Fundi alikuwa anacheka na simu kati ya sikio na bega, huku anatoa pini kwenye nguo za watu.

Jioni ya wiki ya tano alikuwa amechoka na ana furaha, na mtu mwenye hali mbili hizo hachungi ulimi.

"Mpenzi, leo lile gogo la sponji limeniua mapaja."

 Fundi alisikia pumzi yake mwenyewe, kisha akasikia alichokisema.

"Fundi," kijana akasema, kwa sauti ambayo hakuwahi kuisikia kwake. "Samahani. Lazima nikate."

Akakata, na hakupiga tena. Fundi aliandika ujumbe wa kuomba radhi, akaandika wa pili, akapiga. Simu iliita mpaka ikachoka. Siku ziligeuka wiki, naye kichwani alikuwa anasikia sentensi ile moja tu. Mtu alikuwa ameweka miaka miwili ya masomo kwenye utafiti ule, na yeye kauharibu kwa maneno machache ya kudeka.

"Akufukuzaye hakwambii toka," Shangazi alisema, macho kwenye sindano. "Mimi simsemi mtu. Nasema methali tu."

"Shangazi, kosa ni langu."

"Kosa lako lina wiki tatu sasa. Hata mtuhumiwa huitwa akasikilizwa."

Hakuacha mazoezi. Angeacha, utafiti ungepungukiwa na mtu kwa ajili yake, na aliona ameshauharibu vya kutosha. Jumanne ya kipimo cha mwisho aliingia na gauni lake bora, la rangi ya zambarau, akijiambia kwamba hakulivaa kwa ajili ya mtu. Mwenye futi alikuwa mwanamke asiyemjua, mpole, kucha zake zimekatwa fupi. Fundi akainama. Vidole vilishuka, vikashuka tena, vikasimama sentimita mbili tu juu ya sakafu.

"Umepata tisa," mwanamke yule akasema. "Hongera sana."

"Na yule kaka aliyekuwa anapima?"

"Yeye hapimi tena."

Fundi alishukuru vizuri, akatoka, akalia kwenye kona ya maegesho mpaka gauni la zambarau likapata madoa kifuani. Wamemfukuza, aliwaza. Nimemfukuzisha chuo.

Alhamisi, Shangazi akiwa ameuma pini tatu mdomoni, mlango wa karakana ulifunguliwa kwa nguvu. Kijana alisimama pale anahema, shati limelowa jasho.

"Shikamoo, Shangazi."

Shangazi alitoa pini moja. "Marahaba. Umepotea njia?"

"Mwanamke wa mwisho amepimwa saa kumi," kijana akamwambia Fundi. "Alikuwa safarini. Nimekuja mbio kutoka pale."

"Hawajakufukuza?" Fundi akauliza.

"Nani anifukuze? Ile jioni nilijua kundi lako, kwa hiyo sikufaa tena kupima. Asubuhi nilikwenda kwa mwalimu wangu nikamweleza yote, hata kwamba nakupenda. Akaninyang'anya futi akampa mwenzangu, akaniapisha nisiseme na mshiriki yeyote mpaka wote wamalize. Utafiti ni mzima, Fundi. Hujaharibu kitu."

Fundi akakaa juu ya marobota ya kitambaa. Alijisikia mwepesi, na hasira ikaja nyuma ya wepesi huo.

"Hata neno moja? Hata 'nisubiri'?"

"Sharti moja lilikuwa limeshavunjika. Niliogopa kuvunja la pili."

"Nimelia kwenye maegesho. Mbele ya mlinzi."

"Hilo sina utetezi nalo. Nisamehe."

Shangazi alitoa pini ya pili. "Mwanamume anatunza ahadi mpaka anatuumiza. Sijui nimpige au nimpe kiti."

"Na sentimita zangu tisa?" Fundi akauliza. "Nimezitolea jasho zile."

Kijana akatazama viatu vyake. "Zimefutwa. Mwalimu alinipa hiari mbili. Nikuache mpaka nimalize tasnifu, mwakani, jina lako libaki kwenye utafiti. Au nikutoe, nihesabu wanawake thelathini na tisa. Nikakutoa. Sitaki uwe mshiriki wangu. Nataka uwe mke wangu, Shangazi akiridhia, na wewe ukitaka."

 Shangazi alitoa pini ya tatu, akaichoma kwenye mto wake taratibu, akasogeza kiti kwa mguu kuelekea kwa kijana. Fundi alifuta macho kwa kipande cha bitana. Akavuta pumzi ndefu ya mkekani na kuitoa yote.

"Ndiyo," akasema. "Na hii usiifute."