Ukanda wa Nne Haukulowa

Maiti ya Gervasi ilikutwa asubuhi kwenye bustani ya hoteli aliyokuwa akiisimamia, nje kidogo ya mji wa Katesh. Alilala kifudifudi juu ya nyasi, kisogo kimepasuka, damu imeganda palepale ilipomwagikia.

Inspekta Evaline Margwe alimtazama kama mtu anavyotazama mzigo wa mwenzake. Miaka mingi ya kuokota watu waliouawa ilikuwa imemkausha. Alichuchumaa, akashika shati la marehemu. Kavu. Akapapasa nyasi. Kavu. Akasogea hadi kwenye maua, na hapo viatu vyake vikalowa.

Mkuu wa kituo hakutaka habari za nyasi. Alikuwa na mtu wake tayari: Gidamis, mfugaji wa kijiji cha Getanuwas, aliyeapa mbele za watu kwamba Gervasi angejuta kwa kuwanyima ng'ombe maji ya chemchemi na kuyapeleka bustanini. Fimbo yake ilishachukuliwa kuwa kielelezo. Kesho yake angefikishwa mahakamani kwa kosa la mauaji, kosa lisilo na dhamana.

"Ulimpiga?" Evaline alimuuliza mahabusu.

"Nilimtukana. Siku ya mnada akaja akanitukana na yeye. Tukawa sawa."

"Uliwahi kuingia bustanini kwake?"

"Kufanya nini? Nyasi zenyewe ng'ombe haruhusiwi kula."

Evaline akamwita Alex, fundi aliyeifunga mitambo ya bustani ile. Alex alimwonyesha kisanduku kilichobandikwa ukutani stoo. Hiyo ndiyo kontrola, alisema, ndiyo inayokumbuka saa. Bustani imegawanywa kanda nne. Kila ukanda una valvu yake chini ya ardhi na springla zake za kurushia maji. Kukipambazuka kontrola inaziamsha valvu kwa zamu. Juu ya paa kuna sensa ya mvua; ikilowa, mashine inapumzika. Ila Gervasi aliikata waya, akitaka nyasi zinyweshwe hata siku ya mvua. Tena juzijuzi alipiga simu kulalamika kwamba mashine inaumwa: kuna siku inamwagilia, kuna siku haimwagilii.

"Na huu wa nne, alipolala marehemu, mbona haukulowa?"

Alex akatoka naye hadi pale, akapekua nyasi kwa vidole mpaka akapata kifuniko cha kisanduku cha plastiki kilichofukiwa. Akakiinua, akachungulia.

"Valvu imefungwa kwa mkono. Kontrola ilituma amri, lakini hiki kishikio kimekazwa."

"Mpita njia anaweza kukiona kisanduku hiki?"

"Mimi mwenyewe nimekitafuta. Labda yule aliyekifukia."

Aliyekifukia, mitambo ilipofungwa, alikuwa Lucia, mama aliyekuwa akimwagilia bustani ile kwa mpira kabla mashine haijaja. Mashine ilipowaka, Gervasi alimwambia asirudi tena.

Njia nzima kwenda kwa Lucia, Evaline aliwaza jambo moja. Muuaji angeyaacha maji yaje, yangeosha damu na nyayo zote. Kwa nini aliyafunga?

Polisi walikuwa wameizima mashine, na bomba la kijiji, linalotegemea chemchemi ileile, lilitiririka tangu asubuhi. Wanawake waliojipanga na ndoo walimtania Evaline. "Afande, mkae hukohuko bustanini, msitoke." Lucia hakuwapo kwenye foleni. Evaline alimkuta nyuma ya nyumba yake, ameinama kwenye shimo la tofali, anachota kwa bakuli maji ya rangi ya chai.

"Shikamoo, afande."

"Marahaba. Bomba linatoka, Lucia."

"Nimesikia."

"Mbona unachota tope?"

Lucia akaendelea kuchota. Evaline alikuwa mzaliwa wa Mbulu. Alijua kwamba kwao mtu aliyeguswa na kifo hatii mkono kwenye maji ya wote mpaka atakaswe.

"Nani amekufa kwenu?"

"Kwetu hajafa mtu."

"Kwa hiyo umeua."

Lucia akaliweka bakuli chini taratibu. Evaline alimpa onyo, kwamba halazimiki kusema lolote. Lucia akasema yote, kwa sauti ya mtu anayeeleza namna ya kupika makande.

Mashine ilipokunywa, bomba la kijiji lilikauka. Mboga zake zilikufa, mwanawe akawa anachelewa shule kwa kufuata maji mbali. Alimwomba Gervasi airudishe waya ya sensa, walau siku za mvua wapate maji. Gervasi alicheka. Lucia akaanza kupenya uani alfajiri na kufunga valvu. Siku hiyo Gervasi alimvizia.

"Aliniambia, kwa kiburi chako bomba lenu nalikata kabisa. Akageuka kwenda. Nilikuwa na nondo ya kuinulia vifuniko."

"Ukampiga."

"Mara moja."

"Kisha ukafunga ukanda wa nne peke yake. Kwa nini usiache maji yaoshe?"

Lucia alimtazama kwa mara ya kwanza.

"Yangeosha yakashuka mtoni. Kule chini watoto wanakunywa."

Jioni Gidamis alifunguliwa. Alichouliza ni nani aliyewanywesha ng'ombe wake, kisha akaondoka bila kuaga. Lucia alikaa kwenye benchi la mapokezi, pingu mkononi, midomo imekauka. Konstebo alimletea maji kwa kikombe cha kituo. Lucia alikitazama kile kikombe, akamwomba Evaline amtafutie kopo, ambalo baadaye wangeweza kulitupa.