Pudra ya Papa Donat

Papa Donat alisukuma chukudu yake, baiskeli ya mbao ya kubebea mizigo, kutoka bandari ya Kituku hadi sokoni. Alibeba magunia ya makaa ili binti yake, Jolie, asomee uuguzi. Mwaka wa mwisho wa masomo alinunua kopo la pudra, poda nyeupe ya kujipaka. Kwetu Goma, mtoto akifaulu humwagiwa pudra kichwani, na majirani huimba.

Siku ya matokeo, Jolie alirudi nyumbani, mtaa wa Keshero, akilia.

"Ulipata ngapi?" Papa Donat aliuliza.

"Tisa juu ya makumi mbili, papa. Walitaka kumi."

"Tisa? Hata chukudu yangu ingepata tisa! Ulikuwa unalala ku masomo."

"Sikulala, papa. Maulizo ilikuwa nguvu sana. Mwaka jana ilikuwa nyepesi."

"Muvivu hakosi sababu."

Kopo liliwekwa juu ya kabati. Papa Donat hakusema naye tena. Kabla mvua hazijaisha, alianguka njiani na mzigo wake, akafa.

Jirani yao, Mama Marcelline, alikuja matangani. Yeye hufundisha wauguzi katika chuo kingine.

"Alikufa na hasira," alisema Mama Perpétue, mjane wa Papa Donat na mama yake Jolie. "Mutoto alituangusha."

Mama Marcelline aliomba kuuona mtihani. Aliusoma polepole, akatikisa kichwa.

"Mama Perpétue, chukudu moja inateremka kwenye lami. Ingine inapanda juu ya mawe ya volkano. Utaambia zote zifike saa ile ile?"

"Hapana."

"Chuo kimefanya hivyo. Mutihani mwepesi, kumi. Mutihani mugumu, kumi."

"Basi wapunguze, wote wapite?"

"Hapana, mama! Muuguzi asiyejua dawa anaua mutu. Walimu wakae pamoja. Kwa kila ulizo waseme: mwanafunzi anayejua vya kutosha tu kutunza mugonjwa, atajibu hili? Kisha wajumlishe alama za maulizo ambayo atajibu. Ule ndio mustari wa kufaulu. Na wasiangalie majina."

"Papa angeelewa," Jolie alinong'ona. "Maneno ya chukudu, angeelewa."

Mama Perpétue alijifunika uso kwa kitenge. "Ungekuja mbele, papa yake akiwa muzima, Mama Marcelline."

Jolie, wenzake na Mama Marcelline walimwendea mkuu wa chuo.

"Kumi ni kumi," alisema.

Walirudi tena, wakaeleza tena. Mwishowe aliwaketisha walimu na mtihani ule, bila majina. Walibishana swali kwa swali. Mstari ukawa nane na nusu. Waliopata saba walirudia mwaka. Jolie alifaulu.

Siku hizi walimu huketi hivyo kabla ya kila mtihani. Mtihani ukiwa mwepesi, mstari hupanda kupita kumi, na wanafunzi huelezwa sababu.

Siku ile Jolie alipofaulu, majirani walikuja kuimba. Mama Perpétue alishusha kopo, akamwagia Jolie pudra kidogo tu.

"Na ingine, mama?"

"Ni ya papa yako. Twende tumuambie."

Kaburini, Jolie alimwaga pudra iliyobaki juu ya mawe meusi.

"Papa," alisema, "njia ilikuwa ya mawe. Lakini nilifika."